Kuitambua Mimea ya Porini kwa Familia Zake

Mnamo Machi na Aprili 2019, katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, watu karibu 300 waliugua baada ya kula chakula cha msaada kilichotengenezwa kwa unga wa mahindi na soya. Watu 5 walifariki. Uchunguzi wa maabara ulikuta ndani ya unga huo atropini na skopolamini, sumu zinazopatikana katika mmea uitwao mnanaha. Mmea huo ni gugu la kawaida katika Afrika Mashariki. Huota majalalani, kandokando ya njia na katikati ya mazao. Ukiwa umesimama shambani baina ya safu za soya, mtu aliyefunzwa kulitazama ua huutambua mara moja. Lakini mbegu zake zikishavunwa, zikapurwa na kusagwa pamoja na mazao, jicho halina tena msaada.

Tukio hilo ladhihirisha kwamba kuipanga mimea katika makundi si kazi ya kukariri majina ya Kilatini kwa ajili ya mtihani tu. Ni elimu inayomhusu mkulima, mfugaji, mganga, mpishi na mtoto anayechuma matunda ya porini akienda shuleni. Makala haya yaeleza maana ya familia katika elimu ya mimea, alama za kutazamwa, familia nne zinazopatikana karibu na kila shule, na mipaka ya elimu yenyewe.

JINA LA KIENYEJI HALITOSHI

Mnanaa ni kiungo cha chai. Mnanaha, ambao sehemu nyingine huitwa mranaha, ni sumu. Katika maandishi, herufi moja tu ndiyo inayoitenga mimea hiyo miwili. Katika usemi wa haraka hata tofauti hiyo hupotea. Hata hivyo, kwa mtaalamu wa mimea mnanaa na mnanaha ziko mbali sana, kwa kuwa kila mmoja una familia yake, na maua yao hayafanani hata kidogo.

Jina laweza pia kupotosha kwa kufuata sura ya jani. Gugu karoti, ambalo limeenea kaskazini mwa Tanzania, hasa Arusha, lilipewa jina hilo kwa sababu majani yake yamechanikachanika kama ya karoti. Lakini gugu hilo, Parthenium hysterophorus, si la ukoo wa karoti. Ni la ukoo wa alizeti. Mtu anayelishika mara kwa mara aweza kupatwa na mwasho na vidonda vya ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Anayedanganywa na jani akadhani ni karoti mwitu hujiletea madhara.

Haina maana kwamba majina ya kienyeji yadharauliwe. Majina hayo yamebeba ujuzi wa vizazi vingi, na mkusanyaji yeyote wa mimea hana budi kuyaandika. Ila jina moja laweza kutumika kwa mimea mingi, na mmea mmoja waweza kuwa na jina jipya kila baada ya vijiji vichache. Kwa hiyo pahitajika njia nyingine isiyotegemea lugha wala mahali.

FAMILIA NI NINI?

Mimea inayofanana kabisa na kuzaliana yenyewe kwa yenyewe huhesabiwa kuwa spishi moja. Spishi zinazokaribiana huunda jenasi, na jenasi zinazokaribiana huunda familia, yaani ukoo. Ndulele ni Solanum incanum, biringanya ni Solanum melongena, na nyanya ni Solanum lycopersicum. Zote tatu ni za jenasi ya Solanum. Pilipili, tumbaku na mnanaha (Datura stramonium) ni za jenasi nyingine tatu, lakini jenasi hizo zote ni za familia moja, Solanaceae.

Utaratibu wa kuipa kila spishi jina la maneno mawili uliimarishwa na Mswidi Carl Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1753. Linnaeus aliigawa mimea hasa kwa kuhesabu stameni. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, lakini iliweka pamoja mimea isiyo na undugu: nyanya na karoti ziliwekwa katika tabaka moja kwa sababu tu kila moja ina stameni 5. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alichapisha mpango ulioigawa mimea katika koo 100 kwa kuzipima alama nyingi kwa pamoja, badala ya alama moja. Msingi huo wa Jussieu ndio unaotumika hadi leo.

Faida ya familia huonekana pale idadi ya mimea inapofikiriwa. Kitabu kikuu cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda kilianza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Kimeeleza spishi zaidi ya 12,000. Hakuna mwanafunzi awezaye kuzijua zote. Lakini ajuaye alama za familia 10 tu huweza kuiweka sehemu kubwa ya mimea anayokutana nayo mahali pake, hata kama hajapata kuiona maishani.

MAMBO YA KUCHUNGUZA

Mchunguzi huanza kwa shina na majani. Je, shina ni la mviringo au lina pembe nne? Je, majani huota mawili mawili yakielekeana, au hupishana moja moja? Je, jani ni zima, au limegawanyika katika vijani? Je, mmea ukikatwa hutoa utomvu mweupe?

Kisha hulifikia ua, na hapo ndipo kazi hasa ilipo. Huhesabu sepali, yaani vijani vya nje vilivyolifunika ua lilipokuwa chipukizi. Huhesabu petali na kutazama kama zimeachana au zimeungana. Huhesabu stameni, ambazo hubeba chavua. Hulipasua ua moja kwa wembe ili kuona kama ovari iko juu ya mahali petali zinapoanzia au chini yake. Mwisho hutazama tunda: ni laini au kavu, lina vyumba vingapi, na hupasuka vipi.

Ua na tunda hupewa uzito kuliko jani kwa sababu maalumu. Jani na shina hubadilika upesi kufuatana na jua, mvua na wanyama walao majani. Mpango wa ua hubadilika polepole, na kwa hiyo hutunza kumbukumbu ya ukoo kwa muda mrefu zaidi. Mfano bora ni mpungate na mnyaa. Mpungate ni wa familia ya Cactaceae, ambayo karibu yote asili yake ni bara la Amerika. Mnyaa na jamaa zake wakubwa wa porini wenye miiba ni wa jenasi ya Euphorbia. Makundi yote mawili yana mashina manene ya kijani yenye kuhifadhi maji, na mengi hayana majani ya kudumu, kwa kuwa yote yamekabiliwa na ukame. Mtu atazamaye shina huyaita ndugu. Lakini ua la mpungate lina petali nyingi na stameni nyingi, hali ua la Euphorbia ni kikombe kidogo ambamo ua moja la kike huzungukwa na maua ya kiume yenye stameni moja moja. Tunda la mpungate huliwa. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia machoni waweza kuyadhuru vibaya.

FAMILIA NNE ZA KUANZIA

1. Mikunde (Fabaceae, jina la zamani Leguminosae)

Alama kuu ya familia hii ni tunda: ganda lenye chumba kimoja, ambalo aghalabu hupasuka pande mbili likikauka. Kunde, maharage, mbaazi, mkwaju, mpingo, mninga na migunga yote hushiriki alama hiyo. Karanga nayo ni ganda la namna hiyo, ingawa huiva ndani ya udongo.

Maua yana sura tatu zilizo mashuhuri. Ua la kunde lina petali 5: moja pana iliyosimama nyuma kama bendera, mbili za ubavuni kama mabawa, na mbili za chini zilizoshikana mfano wa mkuku wa jahazi. Ndani ya mkuku huo mna stameni 10. Ua la mkwaju lina petali zinazoonekana wazi, lakini halina mkuku. Ua la mgunga lina petali ndogo mno. Kinachoonekana ni stameni nyingi ndefu zilizokusanyika kama kitufe au mkia.

Mizizi ya mimea mingi ya familia hii ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewa na kuurutubisha udongo. Hata hivyo si mikunde yote iliyo chakula. Mturituri una mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitungia shanga. Mbegu hizo, hasa zikitafunwa, huua. Utupa hutumiwa na wavuvi haramu kulevya samaki.

2. Familia ya nyanya (Solanaceae)

Majani hupishana. Sepali 5 zimeungana, na mara nyingi hubaki juu ya tunda. Ile nyota ya kijani iliyo juu ya nyanya ni sepali. Petali 5 zimeungana, ama kwa sura ya gurudumu kama za ndulele na mnavu, ama kwa sura ya tarumbeta kama za mnanaha. Stameni ni 5. Ovari iko juu, na tunda lina mbegu nyingi.

Mnanaha wenyewe una kimo cha kama mita moja. Majani yake ni mapana na yana meno yasiyo sawa. Ua ni jeupe au la zambarau. Tunda husimama wima, lina miiba, na likikauka hupasuka katika sehemu nne na kumwaga mbegu ndogo bapa za rangi nyeusi au ya kahawia.

3. Familia ya mnanaa (Lamiaceae, jina la zamani Labiatae)

Shina lina pembe nne. Majani huelekeana, na kila jozi hukingamana na jozi iliyo chini yake. Yakifikichwa, aghalabu hutoa harufu nzuri. Petali zimeungana na kufanya midomo miwili, wa juu na wa chini. Stameni ni 4 au 2. Baada ya petali kudondoka, chini kabisa ndani ya sepali huonekana vitunda vinne vidogo vikavu. Mnanaa, mrihani na kivumbasi ni wa familia hii.

4. Familia ya alizeti (Asteraceae; jina la zamani Compositae)

Kinachoitwa ua la alizeti si ua moja, bali ni kusanyiko la maua mamia juu ya kikalio kimoja, likizungukwa na vijani vya kijani. Maua ya katikati yana sura ya mrija. Yale ya pembeni yana ulimi mrefu unaofanana na petali. Ovari iko chini ya petali, na kila ua huzaa tunda kavu lenye mbegu moja. Hivyo ile iitwayo mbegu ya alizeti kwa hakika ni tunda zima. Tunda la kishonanguo lina miiba midogo yenye ndoana, nayo ndiyo inayong'ang'ania nguo za wapita njia na manyoya ya wanyama. Gugu karoti hutambulika hapa: kila kichwa chake cheupe kina maua 5 ya pembeni, na kwa hiyo huwa na pembe tano.

UFUNGUO MFUPI

Mchunguzi huanza na namba 1, huchagua (a) au (b), kisha hufuata maelekezo.

1. (a) Tunda ni ganda la chumba kimoja kama la kunde: Fabaceae.
(b) Tunda si la namna hiyo: aende 2.

2. (a) Maua mengi madogo yamekusanyika juu ya kikalio kimoja na kuzungukwa na vijani vya kijani: Asteraceae.
(b) Maua hayakukusanyika hivyo: aende 3.

3. (a) Shina lina pembe nne, majani huelekeana, na kila ua huzaa vitunda vinne vikavu: Lamiaceae.
(b) Alama hizo tatu hazipo kwa pamoja: aende 4.

4. (a) Majani hupishana, petali 5 zimeungana, stameni ni 5, na tunda lina mbegu nyingi: Solanaceae.
(b) Alama hizo hazipo kwa pamoja: mmea ni wa familia nyingine.

Yafaa isisitizwe kwamba alama moja haitoshi. Lantana, kichaka kilichoenea katika malisho na kingo za mashamba, kina shina la pembe nne, majani yanayoelekeana na harufu kali. Mwenye haraka hukiita cha familia ya mnanaa. Lakini tunda lake ni laini na jeusi, si vitunda vinne vikavu. Familia yake ni Verbenaceae, na majani yake huwadhuru ng'ombe wayalapo. Vivyo hivyo, kiazi kitamu kina petali 5 zilizoungana na stameni 5 kama nyanya, lakini tunda lake lina mbegu chache tu, kwa kawaida zisizozidi 4. Familia yake ni Convolvulaceae.

FAMILIA HUTABIRI, HAITOI RUHUSA

Kuijua familia ni kujua la kutarajia. Mtafiti anayetafuta mafuta yenye manukato huanza kwa familia ya mnanaa. Mkulima anayetaka mmea wa kurutubisha udongo huangalia mikunde. Mkulima wa nyanya anayeona ndulele kandokando ya shamba lake ana sababu ya kuing'oa, kwa maana mimea ya familia moja huweza kushambuliwa na wadudu na magonjwa yaleyale.

Lakini familia si cheti cha usalama. Solanaceae ina nyanya mezani na mnanaha jalalani. Ndani ya mmea mmoja hata sehemu hutofautiana: majani ya mnavu hupikwa yakaliwa, hali matunda yake mabichi ya kijani yana sumu, kiazi mviringo huliwa, lakini kikiachwa juani kikageuka kijani, sumu yake huongezeka. Basi kanuni ni hii: undugu na mmea unaoliwa hautoshi kuufanya mmea mwingine kuwa chakula. Asiyejua spishi yenyewe kwa hakika asiuonje.

MAKUNDI HUREKEBISHWA

Walimu wenye vitabu vya zamani hukuta humo majina yasiyolingana na ya vitabu vipya. Sababu ni kwamba tangu miaka ya 1990 wataalamu wamelinganisha chembe za urithi za mimea, yaani DNA, na kuona kwamba baadhi ya koo hazikupangwa sawasawa. Mpango wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 una familia 416 za mimea itoayo maua. Mbuyu, uliokuwa katika familia ya Bombacaceae, sasa umo katika Malvaceae pamoja na bamia na pamba. Mtiki umetolewa katika familia ya lantana na kuingizwa katika familia ya mnanaa. Migunga ya Afrika iliyokuwa ikiitwa Acacia sasa huitwa Vachellia au Senegalia, baada ya mikutano ya wataalamu ya mwaka 2005 na 2011 kuliacha jina Acacia kwa miti ya Australia.

Mabadiliko hayo yasimkatishe tamaa mwanafunzi. Familia nne zilizoelezwa hapa zimebaki imara, na alama zake zilizotazamwa kwa macho katika karne ya 18 zimethibitishwa kwa kiasi kikubwa na maabara za karne ya 21.

ZOEZI LA NJE YA DARASA

Mwalimu aligawe darasa katika vikundi vya wanafunzi wanne. Kila kikundi kichague mimea mitano yenye maua katika uwanja wa shule au kandokando ya njia. Vifaa ni wembe, lenzi ya mkono, kalamu, daftari na magazeti makuukuu. Kwa kila mmea waandike mahali, tarehe, kimo, rangi ya ua, harufu na jina la kienyeji pamoja na mtu au kabila wanaolitumia. Tawi lenye ua na tunda lilazwe kati ya magazeti chini ya uzito, na magazeti yabadilishwe kila siku hadi mmea ukauke. Mmea ulio adimu uchorwe, usikatwe. Pasiwepo kuonja, na mikono ioshwe kazi ikiisha.

Mimea iliyokaushwa ikatunzwa vizuri hudumu kwa miaka mingi. Katika hifadhi kubwa za mimea mikavu, kama ile ya Nairobi, karatasi yenye tawi moja na maelezo kamili bado ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba mmea fulani uliota mahali fulani, siku fulani. Kazi ya mwanafunzi aliyeandika kwa uangalifu haitofautiani na hiyo isipokuwa kwa ukubwa.

MASWALI

1. Kwa nini njia ya Linnaeus iliiweka nyanya na karoti katika tabaka moja, na Jussieu alirekebisha nini?
2. Ni alama zipi tatu zinazoitofautisha mnanaa na mnanaha bila kutumia harufu?
3. Mpungate na mnyaa hufanana kwa shina. Je, kufanana huko kwathibitisha undugu? Kwa nini?
4. Mchungaji ameleta tawi lenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vichwa vyeupe vyenye pembe tano. Ni familia gani, na ashauriwe nini?
5. Mkulima wa soya amekuta katikati ya shamba mmea wenye ua la tarumbeta na tunda la miiba. Aufanye nini, na kwa nini kabla ya mavuno?